Nilimuua Guka Ndio Nione Julai Baridi Mara ya Mwisho

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimekalia tishati.

Nilikuwa jikoni nachagua maharagwe kwa sinia, na chini yangu, juu ya kale kastuli ketu kafupi, nilikuwa nimeikunja vizuri tishati yangu nyeusi ya Julai Baridi. Pasi singeweza kutumia. Mama angeuliza hiyo nguo nyeusi ni ya kwenda wapi. Kwa hivyo niliamua kuipiga pasi na makalio.

"Nasambu," Mama akaita kutoka chumbani. "Sauti imerudi?"

"Bado."

Ilitoka kama geti inayotaka mafuta.

"Pole mwanangu. Jana ulilia sana."

Nikainamia maharagwe. Niliokota jiwe moja, nikalirudisha kwa sinia, nikatupa harage.

Kama leo ndio unaanza kunisoma hapa gazetini, wacha nikueleze haraka. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shuleni, Form Three nzima wananiita "yule wa Waithira". Mwalimu akiniuliza swali, Waithira anajibu. Tukienda kununua chipsi, Waithira ndiye anaambia yule jamaa mimi sitaki pilipili. Hata siku ile nilianguka kwa gwaride na watu wakacheka, Waithira ndiye alisimama akawaambia wanyamaze kama hawataki kuangushwa pia. Tangu darasa la nne amekuwa mdomo wangu. Sina rafiki mwingine, na sijui mtu huanza aje kutafuta mwingine.

Kitu kingine nilicho nacho ni Julai Baridi. Hao ni watu watatu wa hapa hapa Eldoret walioanzia kwa gereji ya kuchomelea mageti. Waiyego anaimba na kupiga gitaa, Mbuthia yuko kwa besi, na Byron anapiga ngoma utadhani anazidai kitu. Wanapiga roki. Mama anasema hiyo ni muziki ya shetani, na hajawahi kusikia hata wimbo mmoja.

Sasa Waiyego amepata kazi Ujerumani, kutunza wazee. Bendi imeisha. Wakatangaza shoo mbili za kuaga, Jumamosi mchana na Jumapili mchana, basi.

Wiki jana niliwaambia vile nilipata ruhusa ya Jumamosi. Kuna kitu kimoja tu Mama hawezi kukatazia mtu: kwenda matanga. Nikamwambia Guka wa Waithira, babu yake, Mzee Macharia wa Burnt Forest, amefariki, na sisi wanafunzi tunaenda kuwaliwaza. Mama akaniongezea leso ya kujifunga kiunoni.

Mzee Macharia hakuwa amekufa. Alikuwa kwake, anakamua ng'ombe.

Na mimi nilikuwa kwa shoo, napiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilipofika nyumbani nikiwa siwezi kuongea, Mama alinitengenezea maji ya ndimu, akasema, "Huyo mzee lazima alikuwa mtu mzuri."

Nilifikiri imeishia hapo. Haikuwa imeishia hapo.

Mama akatoka chumbani, ameshafunga kitambaa chake cha kanisa.

"Jana nimeambia akina mama kwa grupu. Tukitoka ibada leo tunaenda kuwapa pole kina Waithira. Wewe utatuonyesha nyumba yao huko Kimumu."

Maharagwe yakamwagika.

"Leo?"

"Kwani matanga hungoja mwezi? Okota hayo maharagwe."

Nikaokota. Kichwa kilikuwa kinakimbia. Shoo ya mwisho ilikuwa saa nane. Waithira hakujua kitu kuhusu uongo wangu, yeye alifikiri Mama amelainika tu. Na Kimumu, mlango ungefunguliwa na mamake Waithira mwenyewe, amevaa aproni, anauliza, nani amekufa?

"Mama, hawako Kimumu."

"Wako wapi?"

"Wote wameenda Burnt Forest. Kwa boma."

Nikajiona mjanja. Burnt Forest ni mbali. Nani ataenda Burnt Forest na gunia ya huruma Jumapili mchana?

Mama akafikiria kidogo, akiwa ameshika kiuno.

"Afadhali hata. Mama Brigid wa grupu yetu si hununua viazi huko kila wiki? Boma ya Mzee Macharia anaijua. Na gari ya bwana yake iko."

"Si mpige simu kwanza?"

Mama akanigeukia pole pole, vile hunigeukia nikimwaga maziwa.

"Nasambu. Mtu amefiwa, unampigia simu umuulize kama ni kweli? Hiyo ni kumfanya alie mara ya pili. Sisi hatuulizi. Tunaenda."

Na ni kweli. Kwetu ndivyo ilivyo, na hata kwa kina Waithira ndivyo ilivyo. Ukisikia kilio huulizi, unabeba sukari na kwenda. Hiyo desturi ndiyo nilikuwa nimeikalia juu kama tishati.

*

Kanisani mchungaji aliombea familia ya Mzee Macharia. Akamwita "ndugu yetu aliyetutangulia". Watu wakasema amina. Mimi nikasema amina.

Baada ya ibada, akina mama walikusanyika kwa gari wakiwa na sukari, unga, majani chai na mkungu wa ndizi. Mama Brigid alikuwa ameshafunga utepe mwekundu kwa kioo.

"Hiyo ya nini?" Mama akamuuliza. "Si hatuendi kuzika leo."

"Polisi wakiona utepe hawasimamishi gari," Mama Brigid akasema. "Wewe Mama Elphas unataka tuulizwe leseni?"

Elphas ni kaka yangu mkubwa, ndio maana Mama anaitwa hivyo.

Wakaingia. Mwenye mwili mkubwa mbele, wengine wanne wakabanana nyuma na ule mkungu wa ndizi. Mimi nikabaki nje nimeshika mlango.

"Wewe hutoshi," Mama akaniambia kutoka ndani. "Rudi nyumbani uchemshe maharagwe. Nitawaambia kina Waithira umewasalimia."

Wasomaji, mnajua kile moyo wangu ulifanya? Uliruka. Ukaruka kwa furaha. Wataenda Burnt Forest, na mimi nitaenda shoo.

Mama Brigid akawasha gari. Ikakohoa, ikazima. Akawasha tena. Ikazima.

Hapo Mungu alikuwa ananipa nafasi. Saa hii najua. Gari ilikuwa imekataa kwenda, mimi nimesimama kando ya dirisha, Mama ananiangalia usoni. Neno lilikuwa moja tu: hajakufa.

"Nasambu!" Mama Brigid akaita. "Unasimama kama sanamu kwani? Sukuma!"

Nikaenda nyuma. Nikaweka mikono kwa buti. Nikasukuma hiyo gari kwa nguvu zangu zote mpaka ikashika, na ule utepe mwekundu ukapotea kwa kona.

*

Ukumbi uko nyuma ya kinu cha mahindi, ni ule wa kukodisha kwa harusi. Waithira alikuwa ananingoja kwa mlango, tishati kama yangu, suruali ya kubana isiyo na mfuko hata mmoja.

"Manze umechelewa! Nimepigana na huyu jamaa wa mlango akuwekee nafasi." Akanigeuza kwa bega kama mtu anapima nguo. "Huyu ndiye nilikuambia," akamwambia jamaa. "Haongei, usimuulize kitu. Mwache aingie."

Tukaingia. Akanipa simu yake niiweke kwa kibegi changu. Huwa namshikia simu kila siku tukitoka.

"Guka amekusalimia," akasema.

"Nani?"

"Guka. Nimeongea naye asubuhi. Ati, kale kasichana kanyamavu ka mtaa wa Langas katakuja lini kuchimba viazi? Anasema wewe ndiye pekee huchimba bila kupiga domo."

Nikajaribu kutabasamu. Nilikuwa nimevaa jaketi juu ya tishati, nikajifanya naifungua zipu ndio nisimwangalie.

"Nini mbaya?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi na umefungua zipu? Wewe ni mtu wa ajabu."

Taa zikazimwa. Byron akagonga vijiti viwili, na Julai Baridi wakaanza.

Sitawaelezea nyimbo zote. Mimi nilikuwa naimba na mdomo tu, masikio yalikuwa barabara ya Burnt Forest. Nilikuwa nahesabu kichwani: sasa wamefika kwa ile kona ya soko la viazi. Sasa Mama Brigid anakata kuingia njia ya boma. Sasa wameshuka.

Halafu kibegi kikaanza kutetemeka kwa tumbo langu.

Nikaitoa simu ya Waithira kidogo. Kwa kioo kulikuwa kumeandikwa: Cucu. Nyanya yake.

Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Cucu. Halafu Mum. Halafu Cucu tena.

Waithira alikuwa mbele yangu, mikono juu, anaimba na macho yamefungwa. Ningemgusa bega. Bega lilikuwa hapa, nusu hatua.

Jukwaani Waiyego akafuta jasho, akaweka midomo kwa maiki.

"Eldoret. Tumebakisha moja. Mnaijua."

Watu wote wakapiga nduru. Ilikuwa "Mabati".

Kama hujawahi kwenda shoo ya Julai Baridi, hii huwezi kuielewa vizuri. Kwa "Mabati", katikati, gitaa zinanyamaza. Byron anapiga ngoma na ncha za vidole tu, na sisi wote tunapiga mapaja yetu na viganja, pole pole, halafu haraka, mpaka ukumbi mzima unakuwa mvua kwa paa la mabati. Hakuna mtu anaongea. Mtu kama mimi anaweza kuwa ndani ya hiyo mvua na asiulizwe kitu. Na mwisho wake Waiyego anauliza, "Nani bado yuko?" na kila mtu anajibu kwa nguvu, "Niko!"

Simu ikatetemeka mara moja. Meseji. Niliiona yote bila kufungua:

*Waithira shika simu. Ni Guka. Ameanguka vibaya.*

Nikaigeuza, kioo kikaangalia chini.

Wimbo mmoja tu, nikajiambia. Umwache asikie wimbo mmoja.

Lakini sikuwa nafikiria Waithira. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka mimi niusikie.

Mvua ikaanza. Nikapiga mapaja. Ile simu ilikuwa inapiga kwa tumbo langu, na mimi nikapiga mapaja kwa nguvu zaidi ndio nisiisikie. Waiyego alikuwa analia wazi wazi, bila kuficha.

"Nani bado yuko?"

"Niko!" Waithira akapiga kelele, akanigeukia, uso umejaa machozi na kicheko. "Sema, Nasambu! Ni ya mwisho!"

"Niko!" nikasema, na hiyo sauti yangu iliyokufa.

Taa zikawaka. Nikampa simu.

*

"Mum? Mum, niko shoo, sikusikia... Nini? Polepole!"

Akaweka sauti kubwa kwa sababu watu walikuwa bado wanapiga makofi.

"...wanawake!" mamake alikuwa anasema. "Wamefika kwa geti ya Guka wanalia! Wanaimba nyimbo za maziko! Wanasema amekufa!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa! Guka alikuwa kwa zizi. Kusikia nduru ya watu getini, unamjua, hangoji kuuliza. Ameruka ua ya nyuma akaanguka kwa mtaro. Cucu anasema mguu umepinda na haongei vizuri. Hao wanawake ndio wanamleta hospitali na gari yao. Mimi niko njiani."

"Wanawake wa wapi?"

"Wa kanisa fulani. Wa Langas."

Simu ikakatika.

Waithira akabaki ameishika mbele ya uso. Akaangalia zile simu zote zilizopigwa, akizisukuma na kidole. Zilikuwa nyingi.

"Hii imekuwa ikilia," akasema.

Nikashika zipu ya jaketi.

"Ulikuwa nayo kwa begi. Hukuisikia?"

"Niliisikia."

"Na?"

"Ilikuwa 'Mabati'."

Nimeandika mambo mengi ya aibu kwa hii gazeti, lakini hilo ndilo jibu nilimpa. Alirudi nyuma kidogo kama mtu amekanyagwa. Halafu akanishika mkono kama kila siku, kwa sababu huo mkono umezoea kunishika, akanivuta nje.

"Panda," akasema kwa bodaboda.

Nilikaa nyuma yake. Njia yote nilikuwa nasema ukweli kwa mgongo wake, midomo inatembea, sauti haitoki. Upepo ulikuwa baridi. Nilifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

*

Gari ya Mama Brigid ilikuwa imesimama mbele ya hospitali, utepe bado uko kwa kioo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kwa kiti kulikuwa na kofia ya mzee na ule mkungu wa ndizi.

Ndani, kwa ukumbi mrefu wa kungojea, akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa kwa benchi moja bila kuguzana. Mama alikuwa na matope kwa sketi mpaka magotini. Yeye ndiye alishuka kwa mtaro kumtoa.

"Nasambu? Umejuaje tuko hapa?"

"Waithira amenipigia."

Uongo mwingine. Ulitoka wenyewe, kama jino bovu.

Mamake Waithira alikuwa amesimama katikati, bado na aproni. Yaani kweli alikuwa na aproni.

"Mimi sielewi," alikuwa anamwambia Mama. "Nieleze tu, Mama Elphas. Mnajua hiyo Burnt Forest imeona nini, ile miaka ya vita vya uchaguzi? Mzee mwenye alilala kwa shamba ya mahindi na watoto wake, nyumba inaungua, leo mnamletea nduru kwa geti? Wageni, gari nzima?"

"Tulikuwa tunalia, mama," Mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Tulikuwa tunamlilia yeye."

"Aki mimi nilipomwona kwa huo mtaro, amekaa, ananiangalia," Mama Brigid akaingilia, "nilijua ni roho. Nimemwaga sukari yote. Nikamwambia, Mzee, rudi ulale kwa amani!"

"Brigid amekuwa na mama wa aina gani," mmoja wa wale wengine akanong'ona. Mwingine akacheka kidogo halafu akaziba mdomo.

Mamake Waithira hakucheka.

"Nani aliwaambia babangu amekufa?"

Mama akanyoosha mgongo.

"Mtoto wangu. Na mtoto wangu hadanganyi. Muangalie huyu. Hata kuongea haongei, uongo ataitoa wapi?" Akanigeukia. "Nasambu, njoo hapa. Usiogope. Waambie. Wewe nani alikuambia?"

Wote wakaniangalia. Mama. Mama Brigid. Benchi nzima. Muuguzi mmoja na faili kwa mkono akasimama pia.

Nyinyi mnaosema kila wiki, si ungesema tu, si ungefungua mdomo, nyinyi hamjawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo mkiwa na mwili kama wangu. Mwili wangu ukiangaliwa hufunga milango yote. Na siku zote, milango ikifungwa, ninatafuta jina moja tu.

"Waithira," nikasema.

Hiyo sauti iliyokuwa imepotea tangu jana ilitoka safi. Kila mtu aliisikia.

Waithira alikuwa pale pale kando yangu. Alinigeukia. Hakukasirika usoni. Aliniangalia vile huniangalia darasani mwalimu akiwa ameuliza swali, na mimi nimekwama, na yeye anapima kama nitajibu ama anijibie.

Akangoja. Naapa alingoja.

Mimi nikaangalia faili ya muuguzi.

"Ni ukweli," Waithira akasema. "Ni mimi nilimwambia. Ilikuwa mchezo."

Mamake alimchapa kofi mpaka muuguzi akaangusha faili.

"Mchezo? Unamtabiria babangu kifo kwa mchezo? Guka wako? Yule hukuita cucu wake mdogo?"

Waithira alishika shavu. Hakulia.

Mama akanivuta kwake, akanikinga na mkono. "Toka hapo karibu na huyo msichana," akasema, na akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Kumbe ndio rafiki unatembea naye! Mtoto wangu amelia jana mpaka sauti ikaisha, kwa sababu ya mchezo wa huyu!"

Muuguzi akaokota karatasi zake. Akauliza familia ya Mzee Macharia ni gani. Akasema nyonga imevunjika na kichwa kimegongwa, daktari anamtaka thieta ya upasuaji sasa hivi, na kwa umri wake hawezi kuwaahidi kitu.

"Ombeni," akasema.

Akina mama wakasimama wote pamoja. Hiyo wanajua kufanya. Wakaanza kuomba pale pale, Mama akiwa mbele na sketi yake ya matope, anamwambia Mungu amrudishe mzee ambaye asubuhi alikuwa amemshukuru kwa kumchukua.

Katikati ya maombi Waithira alipita kando yangu akienda kukaa na mamake. Macho ya wengine yalikuwa yamefungwa. Akainama kama anafunga kamba ya kiatu.

"Zipu yako imeshuka," akaninong'oneza. "Tishati inaonekana. Funga."

Nikafunga.

Hajaniambia kitu kingine tangu hapo.

*

Maharagwe sikuchemsha. Mama hakuuliza. Alipika chai ya mkandaa, bila maziwa, akakaa kwa kochi na viatu vyake vya matope.

"Kuanzia kesho hukai dawati moja na huyo Waithira," akasema. "Nitakuja shuleni niongee na mwalimu mwenyewe."

"Mama..."

"Nini?"

Aliweka kikombe chini. Alikuwa tayari kunisikiliza. Uso wake ulikuwa umechoka na ulikuwa mzuri, na kwa kucha zake bado kulikuwa na udongo wa ule mtaro.

"Pole kwa sketi," nikasema.

"Sketi itafuliwa."

Akaingia kulala. Kati ya kitanda chake na changu kuna pazia tu. Nilimsikia akipiga magoti. Alimwombea Mzee Macharia kwanza. Halafu akamwombea Waithira, kwa jina, ati Bwana autoe ulimi wa uongo ndani ya huyo mtoto wa watu.

Nikatoa simu chini ya mto. Niliandika, nikafuta. Niliandika, kwa nini ulikubali, nikafuta, kwa sababu jibu nalijua. Niliandika pole na nikaona ni neno dogo kama harage.

Mwishowe nikaandika hivi:

*Waithira kesho nakuja hospitali na Mama. Nitasema ni mimi, mbele ya mamako, na mdomo wangu. Usinisemee. Niambie tu Guka ametoka thieta?*

Nikatuma.

Tiki moja. Nikangoja. Nyuma ya pazia Mama akasema amina na kitanda kikalia.

Tiki mbili.

Halafu zikawa buluu. Amesoma. Pale juu kwa jina lake kumeandikwa ako hewani, na mimi nimeshika simu na mikono yote miwili, naangalia pale chini mahali huonyesha mtu ameanza kuandika.

Hakuna kitu.

Bado ako hewani. Bado hakuna kitu.